Namna ya Kukusanya Majina ya Makonde na Visa Vyake, Unguja na Pemba

Anayetaka kuhifadhi majina ya makonde, yaani vipande vya ardhi ya kulima, asianze na ramani, kwa sababu ramani huandika jina la kijiji na kuyaacha majina ya vipande vilivyomo ndani yake, ambavyo wenyeji huvitofautisha kwa mti, jiwe, kisima au mtu aliyewahi kulima hapo. Aanze kwa miguu, pamoja na mwenyeji, na katika mabonde ya mpunga awaulize kinamama, ambao ndio wanaoshinda humo.

Jina liandikwe kama linavyotamkwa, kabla ya kuuliza kisa. Mkwajuni ni penye mkwaju, Maweni ni penye mawe, na Uwandani hutaja uwanda, yaani ardhi ya mawe yenye udongo haba, kwa hiyo jina peke yake limekwisha kumweleza mkulima nini kitaota. Asikilize pia iwapo msemaji anasema "pale", "kule" au "mule": la kwanza huonyesha mahali mahususi, la pili eneo lisilo na mpaka dhahiri, la tatu ndani ya bonde au kichaka. Kwa maoni yangu, kineno hicho hueleza ukubwa wa konde kuliko maswali kumi ya mipaka.

Hapo ndipo aulize, "Kwa nini pakaitwa hivyo?" Mti usipoonekana, asidhani jina limekosewa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa watu kwa vipande vya eka tatu, hivyo jina laweza kuwa la mti usiokuwapo au la mtu ambaye shamba si lake tena. Hili la pili lataka adabu: aeleze mapema kwamba hakuja kupima wala kudai ardhi.

Penye mzimu, yaani mahali pa kutambikia, asiingie bila idhini ya wanaouangalia, na asiloruhusiwa kulisema asiliandike.

Visa viwili vikipingana, aviandike vyote, akionyesha kila msimulizi ana uhusiano gani na konde hilo. Kisa kinachokata jina vipande na kuligeuza kuwa sentensi nzima akipokee kwa shaka, maana mara nyingi hutungwa baada ya jina. (Hata hivyo asikitupe, nacho ni sehemu ya simulizi.) Mwisho awasomee wenyeji alichoandika, papo hapo kondeni, nao wamsahihishe.