Kikundi chenu cha maigizo ya historia kinakufa? Fanyeni hivi (kutoka Bagamoyo)

Juzi kijana mmoja wa Pangani kanipigia, shikamoo kaka, kikundi chetu kinakufa, tulianza watu 26 sa hizi mazoezini tunakuja sita. Wao wanaigiza vita vya Bushiri, yule aliyepigana na Wajerumani pwani, na onyesho lao ni moja tu kwa mwaka, Desemba, kwa sababu Bushiri bin Salim alinyongwa hapohapo kwao Pangani Desemba 1889. Nikamuuliza, Januari mpaka Novemba mnafanya nini? Akacheka. Basi ugonjwa wenyewe ndo huo. Tuliongea mpaka salio likakata, nikamtumia meseji kwamba nitamwandikia hatua kwa hatua, na nikaona bora niweke hapa na wengine wasome.

Sisi tunaigiza msafara wa wapagazi ukishuka pwani kutoka bara. Na Februari tunafanya ile ya Chuma na Susi, watumishi wa yule mmisionari Livingstone, walivyoufikisha mwili wake hapa Bagamoyo 1874 baada ya kutembea nao zaidi ya kilomita 1,500 toka kijijini kwa Chitambo, huko ambako leo ni Zambia.

Hatua ya 1. Usajili, katiba, akaunti

Mnajua. Tuendelee.

Hatua ya 2. Fuateni mwezi wa angani

Tulihangaika miaka miwili na "kila Jumamosi saa kumi jioni". Hawaji. Nusu ya vijana wetu ni wavuvi wa dagaa, na dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, Jumamosi saa kumi mtu anajiandaa kuingia baharini. Ila mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, vijana wote wako mtaani wanacheza bao. Tukahamishia mazoezi kwenye mbalamwezi, siku tatu mfululizo kila mwezi, ufukweni, na mwanga wa bure. Wakaja. Kama kwenu wengi ni bodaboda au wauza samaki, tafuteni mwezi mpevu wa kwao ni lini.

Ramadhani hakuna kubeba kitu, baada ya tarawehe tunakaa barazani mzee anasimulia basi. Na tafadhali msipige kura za WhatsApp za "nani atakuja", wanaobonyeza ndiyo siyo wanaokuja. Mimi natumia daftari na kumpitia mtu nyumbani kwake.

Hatua ya 3. Kila mtu awe na mzigo wake

Hii ndo iliyotutoa jasho, naomba uvumilivu.

Mwanzoni tulikuwa na watu watatu wenye sehemu za maana: kirangozi, yaani kiongozi wa njia anayetangulia mbele, na bendera yake nyekundu na manyoya kichwani, tajiri wa msafara, na Mzungu. Wengine wote "wapagazi", yaani mapambo. Mtu unampa gunia la makaratasi atembee nyuma asiseme neno, mwakani arudi kufanya nini? Pangani ni hivyohivyo, kila mtu anataka kuwa Bushiri.

Kumbe ukisoma, mpagazi hakuwa mapambo. Wengi walikuwa Wanyamwezi, wanafanya kazi ya malipo na wanairingia, aliyebeba pembe kubwa ya ndovu alikuwa na heshima zake na ncha ya pembe ilifungwa kengele. Robota la nguo la mpagazi liliitwa mtumba, ndo hiyohiyo mitumba ya leo, na mzigo mmoja ulikaribia frasila 2, kama kilo 32. Wanawake nao walikuwa njiani, na vyungu, na watoto mgongoni. Kwa hiyo tukabadilisha: kila mwanachama anatengeneza mzigo wake kwa mkono wake, anaujua ulikuwa na nini, umetoka wapi, na mtazamaji yeyote akimsimamisha ana dakika mbili zake za kuongea. Mzigo ni wake, unakaa kwake. Hapo ndo watu walianza kugombana nani atembee mbele, na ugomvi huo ni mtamu.

Sasa tahadhari zake. Moja, msiweke uzito wa kweli. Mwaka wa kwanza mimi kichwa ngumu nikasema kilo 30 tuone, kijana akaumia shingo na mama yake akaja kwangu, sitaki kukumbuka. Mtumba jazeni makumbi ya nazi, funga kaniki juu na kamba ya katani, kilo 5 zinatosha, kinachouza ni mwendo. Mbili, nguo ni pamba. Poliesta inang'aa kwenye picha kama shela la harusi. Tatu, pembe. Pembe halisi ni jela, hata kama babu aliiacha uvunguni, msiiguse. Sisi tunatumia bomba la plastiki la inchi 3: unaziba upande mmoja, unajaza mchanga MKAVU, unashindilia, unaziba na upande wa pili, unazungusha juu ya jiko la mkaa polepole mpaka lilegee, unalikunja, unamwagia maji. Mchanga usiposhindiliwa bomba linabonyea katikati kama mrija wa soda, ukiwa mbichi mvuke unafumua kizibo, na fanyeni nje upepo unakotokea mgongoni maana ule moshi si mzuri. Mimi niliharibu mabomba manne siku nzima. Afu mkimaliza mwageni mchanga wote, sisi tulibakisha kidogo na pembe ikawa inalia kama kayamba msafara mzima, watoto wakawa wanacheza.

Siku ya kukunja mabomba walikuja watu wengi kuliko siku yoyote ya mazoezi, kwa hiyo sasa tuna siku ya mikono kila mwezi.

Minyororo hatuvai. Watumwa walipitishwa njia hii, tunalisema wazi tena kwa sauti, ila kuna watalii wanaomba tufungane shingo wapige picha. Hapana.

Hatua ya 4. Vipande vidogo katikati ya mwaka

Dakika 15, watu wanne, hakuna jukwaa. Chetu kinachopendwa ni Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana huko kusini mwa Sudan, Desemba 1889 kafika hapa salama na mpelelezi Stanley baada ya shida zote za bara, wakaandaliwa karamu, usiku huohuo akadondoka dirishani ghorofani maana macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Shule zinacheka mpaka basi. Pangani mnacho kisa cha bendera ya kampuni ya Wajerumani ya 1888 iliyowasha vita vyote, hicho ni kipande kizima na Bushiri hayumo ndani.

Pia tunatembea toka magofu ya Kaole mpaka Ngome Kongwe hapa mjini na mizigo, kama kilomita 5, tukiimba. Hatuigizi, tunatembea tu.

Hatua ya 5. Hela

Isomwe mbele ya wote, siku hiyohiyo, hata kama ni elfu nane ya bakshishi. Kuna mwandaaji mmoja alitulipa baada ya miezi minne, na miezi yote hiyo watu wakaamini mimi nimekula. Siku hizi posho ya chakula na nauli inatoka kabla hatujafunga mizigo, mwenye shughuli asipotanguliza hatuendi. Wapagazi wenyewe walikuwa hawaondoki bila posho.

Hatua ya 6. Baada ya onyesho

Wiki inayofuata siku ya mikono, kushona na kupaka rangi. Msiruhusu mapumziko ya mwezi.

Yule wa Pangani jana kanitumia picha ya pembe yao ya kwanza, imebonyea katikati. Nimemwambia mchanga haukushindiliwa, arudie, na asitupe hilo bomba, akate kipande kizima atengenezee ala ya jambia.