Mwendokasi wa wastani na velositi: tupande gari la Chake kwenda Wete

Juzi usiku nilikaa na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, swali moja la fizikia likatukalisha karibu saa mbili. Kanuni anaijua kwa moyo. Alipokwama ndipo nilipokwama mimi zamani, basi naandika kwa mwengine aliyekwama hapohapo.

Hatua ya 1: Chora safari. Penseli na karatasi. Kikokotoo kiweke mbali kwanza. Gari linatoka Chake Chake kwenda Wete, barabara tuichukulie kilomita 30. Nusu ya kwanza, kilomita 15, limekwenda dakika 20. Likasimama dakika 10, utingo anapandisha magunia ya karafuu juu ya gari. Kilomita 15 zilizobaki limekwenda dakika 30.

Hatua ya 2: Mwendokasi wa wastani. Umbali wote gawa kwa muda wote. Hapa usiende mbio.

Kijana wangu alitafuta mwendokasi wa kila kipande: 45 kwa saa, kisha 30 kwa saa. Akajumlisha, akagawa kwa mbili, akapata 37.5. Si sahihi, hata kama gari lisingesimama kabisa. Tazama mchoro: kwenye 45 gari limekaa dakika 20 tu, kwenye 30 limekaa dakika 30. Kasi ndogo imekula muda mwingi zaidi, kwa hiyo inauvuta wastani chini. Bila ya kusimama ungepata kilomita 30 kwa dakika 50, yaani 36 kwa saa. Njia ya kujumlisha na kugawa kwa mbili inakubali pale tu vipande vinapochukua muda sawa. Umbali kuwa sawa hakutoshi, na maswali mengi ya mtihani hutega hapohapo.

Halafu zile dakika 10 za karafuu. Yeye aliziacha, kwa sababu "gari halikwenda". Mimi nazihesabu, kwani abiria alikuwa bado safarini. Muda wote ni 20 + 10 + 30, dakika 60. Jibu: kilomita 30 kwa saa.

Na dakika 20 usiziandike 0.20 ya saa. Ni 20/60.

Hatua ya 3: Velositi ya wastani. Badala ya umbali wa barabara weka uhamisho: mstari ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipoishia, pamoja na upande wake. Chake hadi Wete kwa mstari ni kama kilomita 21, kuelekea kaskazini. Gawa kwa saa 1: kilomita 21 kwa saa, kaskazini. Usipoandika upande, jibu halijakamilika.

Hatua ya 4: Vipimo. Ukitakiwa mita kwa sekunde, gawa kwa 3.6.

Sasa jaribu: gari hilohilo limerudi Chake kwa saa 1 nyengine. Mwendokasi wa wastani wa safari nzima ni 60 ÷ 2, bado 30. Velositi ni sifuri, maana limeishia palepale lilipoanzia.