Namna ya Kula Kuku wa Kukaanga Vibandani Mtwara

Anayekwenda kula kuku wa kukaanga mjini Mtwara, awe Shangani au Ligula, aanzie kwenye karai kabla ya kutafuta kiti. Mafuta yanayofaa huwa na rangi ya dhahabu. Ukiyaona yamekuwa meusi, yanatoa povu jingi na moshi unaowasha macho, ujue yamekaangiwa mara nyingi mno, na hapo ni heri uvuke barabara utafute kibanda kingine.

Baada ya hapo uliza bei, kisha uliza kama kuku anakaangwa sasa hivi au alikwisha kukaangwa. Vibanda vingi humkaanga mapema na kumpanga katika kabati la kioo, na mteja akifika humrudisha karaini kwa dakika chache ili apate moto. Kuku huyo huwa mkavu, na kwa joto letu la pwani, saa alizokaa kabatini si jambo la kupuuza. Omba ukaangiwe mbichi, hata kama utasubiri robo saa na zaidi, wala usimharakishe mpishi, kwa sababu kipande kikitiwa kabla mafuta hayajapata moto hunywa mafuta, na moto ukizidi ngozi huungua ilhali ndani bado kubichi. Ukimwagiza wa kienyeji, usishangae kumwona akitolewa sufuriani: nyama yake ni ngumu, hivyo huchemshwa kwanza. Wa kisasa, ambaye huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache tu, huweza kwenda karaini moja kwa moja.

Katika vipande, mimi huchagua paja, ingawa wengi hukimbilia kidari kwa ukubwa wake. Kidari hakina mafuta mengi, kwa hiyo hukauka upesi mpishi akisahau kidogo tu.

Nawa kwa sabuni, kwani vile vijiti ni vya chipsi, bali kuku huliwa kwa mkono, nao ni wa kulia. Kabla ya kuuma, vunja kiungo cha paja utazame ndani. Nyama ikiwa inateleza na majimaji yana damu, mrudishie mhudumu kwa upole, maana kuku asiyeiva huweza kubeba vijidudu vya kuharisha ambavyo hufa nyama inapofikia nyuzi 74 za Selsiasi. Hata hivyo, wekundu kidogo unaogusa mfupa wa kuku mchanga huweza kutoka kwenye uboho, ingawa nyama imeiva. Kamulia ndimu, lakini kachumbari iliyochakaa na kutoa maji iache sahanini.

Ukifungiwa wa kwenda naye nyumbani, omba kachumbari iwekwe kando na mfuko uachwe wazi kidogo, kwa kuwa mvuke ukifungiwa ndani hulainisha ngozi kabla hujafika Chuno.