Anza na miguu ya nyuma: kumtambua dundu wa mavi malishoni

Mvua za kwanza zikishanyesha hapa Kisongo, namkataza kijana wetu kuzoa mavi ya ng'ombe asubuhi. Nayaacha saa moja au mbili, madundu wa mavi wayafikie. Nilifundisha biolojia sekondari kwa miaka mingi, lakini madundu hawa nimewajua kwa kuchuchumaa malishoni, na hata wewe utawajua hivyo hivyo.

Kama huna muda wa kuchuchumaa, tega. Zika kopo tupu la rangi la lita 4 mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, na ulitoboe chini ili mvua isiwazamishe. Funga mavi mabichi, donge kama chungwa, kwenye kipande cha chandarua kisicho na dawa ya mbu, ulining'inize kwa kijiti juu ya kopo. Zungushia miiba, la sivyo kuku watakuwahi. Tega alfajiri ukague jioni, kisha tega tena magharibi, kwa sababu wa mchana na wa usiku si walewale.

Sasa mshike mmoja. Kichwa chake ni bapa kama koleo, miguu ya mbele ina meno ya kuchimbia, na vipapasio vyake vimeishia na vibamba vinavyofunguka kama upepeo. Hivyo ndivyo anavyonusa. Huyo ni wa familia ya Scarabaeidae, na wengi utakaowapata ni wa nusufamilia ya Scarabaeinae, yenye spishi zaidi ya 5,000 duniani. Vidogo vyembamba, kama punje ya mchele, vinavyobaki ndani ya mavi yenyewe, mara nyingi ni Aphodiinae. Viweke kando.

Watu hukimbilia rangi. Mimi naangalia miguu ya nyuma. Ikiwa mirefu, myembamba na imepinda, huyo ni mviringishaji, yaani wa kuviringisha donge la mavi. Ukikuta bawa gumu lina pengo dogo ubavuni, nyuma kidogo ya bega, ni Gymnopleurus au ndugu zake wa karibu. Ukikuta meno sita mbele ya kichwa, na miguu ya mbele haina vidole, uko kwa Scarabaeus na jamaa zake. Miguu ikiwa mifupi na minene, ni mchimbaji: Onthophagus, Copris, au Heliocopris, yule mkubwa anayependa mavi ya tembo. Dume la wachimbaji mara nyingi lina pembe, nalo hupigana na mwenzake ndani ya shimo kugombea jike.

Mviringishaji mtazame akiwa kazini. Juzi mmoja alikata donge lake, akapanda juu yake, akazunguka mara mbili polepole, kisha akashuka, akainamisha kichwa chini na kulisukuma kwa miguu ya nyuma. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, anacheza?" Anasoma jua. Kuna spishi moja, Scarabaeus satyrus, ambayo usiku usio na mwezi hufuata Njia ya Maziwa, ule ukanda wa nyota angani. Watafiti walilithibitisha hilo mwaka 2013. Lengo ni kwenda moja kwa moja, mbali na wezi.

Donge la uzazi huzikwa na kutagwa yai moja. Buu hulila kwa ndani, akawa pupa, akatoka dundu. Ukilifukua, lifukie.

Jambo moja linaniuma. Mwaka mmoja niliwachoma ng'ombe wote wanne sindano ya aivamektini, dawa ya minyoo, mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Mavi yalikaa malishoni hadi yakakauka kama chapati, nzi tele. Dawa ile hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa na kuua mabuu. Tangu hapo sichomi wakati wa mvua, nawatibu wale tu waliodhoofika, na namuuliza daktari wa mifugo kama albendazoli, nayo ya minyoo, itatosha. Wa sindano nawafungia zizini, mavi yao nayarundika mbali na malisho.