Namna ya kufika jikoni na oda yote kichwani

Kwenye mgahawa ninaofanyia kazi hapa Moshi, jirani na stendi, mhudumu mpya hupewa aproni na kuambiwa: karatasi ni za bili, oda shika kichwani. Nami nilianza hivyo, mwaka wa kumi na moja sasa. Siku ya tatu nilimpelekea mzee mmoja ugali sahani tatu, naye yuko peke yake. Aliagiza moja. Nikiwa njiani kwenda jikoni, abiria aliniuliza basi la Dar linaondoka saa ngapi, nikamjibu saa tatu. Ile tatu ikahamia kwenye ugali. Mzee alicheka, bosi hakucheka.

Kabla ya hapo nilikuwa nasomea ualimu, ada ikanikwamisha njiani. Katika yote niliyofundishwa chuoni, saikolojia ndiyo naitumia kila siku, na ndiyo nawafundishia wahudumu wapya.

Anza kwa kujua ukubwa wa chombo chako. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu hushika kwa muda mfupi vitu kama saba, vikipungua au kuzidi viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan akashusha: ukimzuia mtu asirudierudie wala asivipange, vinabaki kama vinne. Mimi nahesabu vinne. Meza ya watu sita, kila mmoja chakula na kinywaji, ni vitu kumi na viwili. Huviwezi, usijitie hodari.

Lakini Miller alisema jambo jingine ambalo ndilo la kutushibisha sisi: kinachohesabiwa ni fungu, hata likiwa na vitu vingi ndani. Tuseme meza imeagiza hivi: mtori, ndizi nyama, wali nyama, mtori, wali nyama, wali kuku. Ukiibeba jinsi ilivyotoka midomoni mwao utaimwaga, na kitakachokuangusha ni hiyo "nyama" inayojirudia. R. Conrad alionyesha mwaka 1964 kwamba watu waliosomeshwa herufi kwa macho, walipokosea, walitaja zile zinazofanana kwa sauti. Maana yake kichwa kilikwishageuza maandishi kuwa sauti. Kwa hiyo tumekubaliana na jikoni: nyama ndiyo kawaida, haitajwi, na "kuku" peke yake ni wali kuku. Oda ile inakuwa "mtori mbili, wali mbili, ndizi, kuku". Mafungu manne, unaondoka nayo.

Sasa ulinde ulimi. Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 kwamba kumbukumbu hii si stoo ya kuwekea vitu tu, ni meza ya kufanyia kazi. Yupo msimamizi, na chini yake wasaidizi wawili: mmoja wa sauti, mwingine wa picha na mahali. Wa sauti ni kama mtu anayenong'ona mfululizo, na hubeba kiasi unachoweza kutamka kwa sekunde mbili hivi. Maneno yakiwa marefu, yanaingia machache. Kule Wales waliwapima watu wenye lugha mbili wakaona wanashika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu tu za Kiwelisi huchukua muda mrefu kutamka. Hakuna tarakimu yetu yenye silabi chini ya mbili, na sifuri ina tatu! Basi fupisha: chai ya maziwa ni "maziwa", ya rangi ni "rangi". Nong'ona mpaka dirisha la jikoni. Mtu akikuuliza kitu njiani, usimjibu kwa mdomo, hata "nakuja kaka" inakata mnong'ono. Inua kiganja. Mkono hauna ugomvi na sauti.

Nani anakula nini, mwachie msaidizi wa picha, maana yeye hagombanii nafasi na wa sauti. Mimi naanzia aliye karibu na mlango, nazunguka kuelekea mkono wa kulia, na kila mmoja namwekea sahani yake mbele kwa macho ya moyo. Yule mwenye kofia ya Yanga namwona kabisa na paja la kuku linatoa mvuke. Nikirudi na sinia siulizi "wa kuku nani?"

Hesabu za bili ziache mpaka umekabidhi oda. Ndizi mbili mara elfu nne, toa chenji ya elfu kumi: hiyo ni kazi ya msimamizi, na ukimpa hesabu anaacha kuangalia mengine yote.

Zoezi langu kwa wapya nimelitoa kwa Lloyd na Margaret Peterson, 1959. Waliwapa watu konsonanti tatu, kisha wakawahesabisha kurudi nyuma kwa tatutatu. Baada ya sekunde 18 karibu zote zilikuwa zimepotea. Nami nampa binti oda, namwambia ahesabu kutoka mia moja kurudi nyuma, kisha aniambie oda. Analia. Ila mwaka 1962 Keppel na Underwood waligundua kwamba jaribio la kwanza kabisa halipotei hivyo. Ni yaliyotangulia yanayoharibu yanayofuata. Ndiyo maana oda ya saa kumi na mbili asubuhi haikusumbui, ya saa saba mchana inachanganyika na ya meza uliyotoka kuihudumia. Dawa ninayotumia ni kutenganisha aina: peleka vyakula kwanza, kisha rudi uchukue vinywaji.

Na usihangaike kupanua kichwa. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alifanya mazoezi zaidi ya saa 200 akafika karibu tarakimu 80, kwa kuzifunga kama muda wa mbio, maana alikuwa mkimbiaji. Walipompa herufi, akarudi kwenye sita hivi.

Mimi mwenyewe nina mipaka. Wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wakishuka mlimani, kumi na wawili meza moja, wana njaa ya siku sita, wa tatu kashabadilisha oda kabla sijamfikia wa nne, nachomoa kalamu nyuma ya sikio.