Somo: Kuhamisha orodha ya vitabu kutoka Excel hadi Koha bila kupoteza namba

Ninaandika somo hili kwa sababu nimelijibu swali hili kwa simu mara nyingi mno, na kila mara najibu upya kana kwamba halijawahi kuulizwa. Wakutubi wa shule na vyuo vya Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega wamewekewa Koha, programu ya kuendesha maktaba, wana orodha ya vitabu waliyoiandika kwa uangalifu katika Excel, na wanataka kuihamisha bila kuandika upya kitabu kimoja kimoja. Inawezekana. Sharti ni kuisafisha orodha kwanza, kwa sababu Koha haitakurekebishia kosa. Italipokea na kulionyesha kwa kila msomaji atakayetafuta kitabu.

Kabla ya hatua zenyewe, kumbuka kwamba Koha ilianza kutumika New Zealand mnamo Januari 2000 na leseni yake haina malipo. Mtu akikudai fedha, mwombe aandike wazi kama anadai kazi ya mikono yake, seva, au mafunzo.

Hatua ya 1. Fanya nakala ya faili la Excel, iweke kwenye flashi, na usiifungue tena ila kwa dharura.

Hatua ya 2. Kila taarifa iwe na safu yake: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), namba ya Dewey (ya kupanga vitabu kwa mada), namba ya usajili (ambayo maktaba yako huipa kila nakala). Ikiwa mwandishi na mwaka viko katika seli moja, vitenganishe.

Hatua ya 3. Panga majina ya waandishi kwa utaratibu mmoja. Grace Ogot ataandikwa «Ogot, Grace», lakini Ngũgĩ wa Thiong'o huanza na Ngũgĩ, wala si Thiong'o, na ndivyo anavyopatikana katika katalogi ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani. Usigeuze majina yote kwa fomula. Yatazame kwa macho.

Hatua ya 4. Linda namba. Hapa ndipo kazi yetu ya kwanza ilipoharibika, na ndiyo sababu ninaieleza kwa kirefu. Excel ikiona tarakimu pekee hudhani ni namba ya hesabu, kwa hiyo hufuta sifuri za mwanzo na kuifupisha namba ndefu. Namba ya Dewey 005 inakuwa 5. Namba ya usajili 000412 inakuwa 412. ISBN ya zamani ya kitabu cha Uingereza, ambayo huanza na 0, inabaki na tarakimu tisa. Juzuu uliloliandika 10-12 linageuzwa kuwa tarehe. Hatari kubwa zaidi ni ISBN ya tarakimu 13: vitabu vingi vya Kenya huanza na 9789966, na Excel huvionyesha vyote kama 9.78997E+12. Ukihifadhi faili la CSV (orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, tutakayoihitaji katika hatua ya 6) katika hali hiyo, kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana, na ukilifungua tena kila kitabu kina namba 9789970000000. Tazama ubaya wake: 9789970 ni mwanzo wa ISBN za Uganda, kwa hiyo namba inaonekana kama ya kweli, na mtu asiyejua hawezi kushtuka.

Kinga yake ni hii. Kama bado hujaanza kuandika, chagua safu za ISBN, Dewey na namba ya usajili, uzipe mfumo wa «Text», ndipo uandike. Kama umeshaandika, kubadilisha mfumo peke yake hakutarudisha sifuri iliyopotea. Tengeneza safu mpya pembeni na utumie fomula =TEXT(E2,"0") kwa ISBN za tarakimu 13, au =TEXT(E2,"0000000000") kwa zile za tarakimu 10, kisha unakili matokeo kama thamani tupu. Zile zinazoishia na herufi X ziache zilivyo. Namba za Dewey zenye tarakimu chini ya tatu kabla ya nukta zirekebishe kwa mkono. Huwa si nyingi.

Onyo: ukishatoa faili la CSV, usilifungue tena kwa kubofya mara mbili, hata kama unataka kusahihisha herufi moja tu. Excel itazigeuza namba upya na hutaambiwa. Rudi kwenye faili la Excel unalolifanyia kazi, sahihisha huko, utoe CSV nyingine. Onyo la pili: usitumie CSV kama hazina ya kazi yako.

Hatua ya 5. Unapohifadhi, chagua CSV ya UTF-8, mfumo unaohifadhi herufi za lugha zote. Usipofanya hivyo, ũ na ĩ zitageuka alama za ajabu, na hata alama ya ng' inaweza kuvurugika. Sisi wa upande huu hatuna ruhusa ya kulipuuza jambo hili: majina ya Kijaluo yamejaa ng', na Kiswahili kina ng'ombe na ng'ambo. Kuna pia tatizo la alama mbili zinazofanana, ile iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, na msomaji anayetafuta kwa moja anaweza kukikosa kitabu kilichoandikwa kwa nyingine. Tafuta zote zilizopinda, uzibadilishe ziwe zilizonyooka.

Hatua ya 6. Fungua CSV katika MarcEdit, programu isiyo na malipo, na uelekeze kila safu kwenye sehemu yake ya MARC, muundo wa rekodi za maktaba ambamo kila taarifa ina sehemu yenye namba yake: ISBN iende 020, Dewey 082, mwandishi 100, jina la kitabu 245, mchapishaji na mwaka 260. Lugha uitaje pia. Msimbo wa Kiswahili ni swa na wa Kijaluo ni luo. Taarifa za nakala yenyewe huenda 952: tawi katika vijisehemu a na b, namba ya usajili katika p, aina ya kitabu katika y. Misimbo ya tawi na ya aina ilingane herufi kwa herufi na ile iliyomo katika Koha yako, la sivyo utapata rekodi zisizo na nakala za kuazima.

Hatua ya 7. Ingiza rekodi chache kwanza. Katika Koha, kitufe kinachoanza na neno Stage huzipokea rekodi bila kuziweka katika katalogi, ili uzikague. Zikikuridhisha, kamilisha. Zikiwa na kasoro baada ya kukamilisha, kundi lote linaweza kuondolewa kwa kitufe cha Undo, na ni bora ufanye hivyo kabla kitabu chochote hakijaazimwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kakamega: Ndugu, naomba unitumie faili lako lililo tayari, nibadilishe tu jina la shule.

Jibu: Faili langu lina vitabu vya maktaba yangu. Vitabu vyako viko kwenye rafu zako. Anza na hatua ya 1.

Mwanachama, Bungoma: Shikamoo mwalimu. Vitabu vyetu vingi ni vya zamani, na vingine vilichapishwa na makanisa ya huku bila ISBN. Nitazuiaje kitabu kimoja kisiingie mara mbili? Na kuna vingine vina namba ya tarakimu tisa, sijui ni ya nini.

Jibu: Marahaba, na asante kwa kuuliza jambo lenye maana. Namba ya tarakimu tisa huwa ni SBN, mfumo ulioanza Uingereza miaka ya 1960 kabla ISBN haijawa kiwango cha kimataifa mnamo 1970. Weka 0 mbele yake, nayo itakuwa ISBN halali ya tarakimu 10. Ukitaka kuipeleka tarakimu 13, usiongeze 978 tu: ondoa tarakimu ya mwisho, weka 978 mbele, kisha kokotoa tarakimu mpya ya mwisho. Zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto. Jumla ya zote 13 lazima igawanyike kwa 10 bila baki. Hesabu hiyo hiyo itakufichulia ISBN zilizoandikwa vibaya. Vitabu visivyo na ISBN vipange katika Excel kwa jina na mwandishi, utaziona nakala zikiwa zimefuatana. Unganisha rekodi, lakini kila nakala ibaki na namba yake ya usajili. Usitunge ISBN kamwe.

Jambo moja zaidi litakalokusaidia: Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kabla ya kuandika rekodi ya kitabu cha Kenya kuanzia mwanzo, kitafute kwao kupitia Z39.50, njia ya kutafuta rekodi katika katalogi za maktaba nyingine, ndani ya Koha. Utashangaa ni vitabu vingapi vya Kijaluo na Kiluhya vimekwisha kuorodheshwa vizuri.

Mwanachama, Homa Bay: Nimeshaingiza vyote na ISBN zote zinaishia na sifuri. Kuna programu ya kuzirudisha?

Jibu: Hakuna. Tarakimu hazimo tena katika faili hilo. Ondoa kundi kwa Undo, rudi kwenye Excel ya asili.

Mwanachama, Homa Bay: Excel ya asili nilifuta. Ungetuonya mapema.

Jibu: Hatua ya 1 ni sentensi moja, nayo imeandikwa mwanzoni. Sasa chukua skana upite rafu kwa rafu ukisoma ISBN nyuma ya kila kitabu. Kwa vile visivyo na mistari ya msimbopau, fungua ukurasa wa hakimiliki.

Mwanachama, Nakuru: Dada, hapo kwenye skana, ni lazima ninunue ya bei kubwa? Na intaneti ikipotea katikati ya siku ya kuazimisha tunafanyaje?

Jibu: Skana ya kawaida ya USB inatosha. Kompyuta huiona kama kibodi: inaandika namba na kubonyeza Enter. Ndiyo maana safu iwe «Text» kabla ya skani ya kwanza. Lebo za namba ya usajili zifunike kwa utepe mpana unaopitisha mwanga, kwa sababu mikono ya wanafunzi hufuta wino upesi. Kuhusu intaneti, Koha inaweza kukaa kwenye kompyuta ya Linux ndani ya maktaba yenyewe, nanyi mkaitumia kwa mtandao wa ndani hata kama nje hakuna kitu. Umeme ukikatika, tumieni daftari lenye safu tatu: namba ya mwanachama, namba ya kitabu, saa.

Mwanachama, Nakuru: Je, orodha ya wanafunzi niiingize kwa njia hii hii?

Jibu: Njia inafanana, lakini punguza. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji, na taarifa za watoto zina ulinzi wa ziada, ikiwemo idhini ya mzazi au mlezi. Jina, darasa na namba ya uandikishaji zinatosha kuazimisha kitabu. Namba ya cheti cha kuzaliwa haina kazi maktabani. Na namba ya uandikishaji ikianza na sifuri, unajua safu yake iwe ya mfumo gani.