Kupeleka tangazo la kufilisika Lubumbashi: karatasi, siku 30, na herufi ya RCCM

Kabla ya yote, toa cheti chako cha RCCM, yaani rejista ya biashara, usome namba. Inaanza na CD/LSH/RCCM, unafuata mwaka, halafu herufi moja. A ni mtu binafsi: mbele ya sheria wewe na duka ni kitu kimoja, na deni la duka linaweza kufika hadi nyumbani kwako. B ni kampuni. Mwenye hisa wa SARL, kampuni yenye dhima yenye mpaka, kwa kawaida hupoteza alichoweka humo tu, isipokuwa kama aliwekea benki sahihi ya kuidhamini kampuni kwenye mkopo. Sahihi hiyo ni deni lake mwenyewe, na wengi huikumbuka siku benki inapobisha hodi.

Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, inatumika Kongo tangu Septemba 2012. Inahesabu kufilisika hivi: pesa unazoweza kushika sasa hivi hazitoshi kulipa madeni ambayo tarehe yake imefika. Tuseme muuza saruji wa komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, anadaiwa dola 14,000 za mwezi huu, ana 3,000 kwenye kasha na benki. Stoo iliyojaa mifuko haimwokoi, maana mifuko si pesa. Kwa Kifaransa hali hiyo inaitwa cessation des paiements, na tangu siku inapoanza una siku 30 za kupeleka tangazo kwa grefu, ofisi ya karatasi ya mahakama, ya Tribinali ya Biashara. Kama hujafika hapo lakini unaona unakwenda huko, omba usuluhishi na wadai kwanza. Hauzidi miezi 3, na unaweza kuongezwa mwezi 1.

Faili huandikwa kwa Kifaransa. Weka nakala ya RCCM, hesabu za mwaka, hali ya kasha, orodha ya mali, idadi ya wafanyakazi na mishahara ambayo haijalipwa. Kila karatasi iwe na tarehe na sahihi. Inayochukua muda ni orodha ya madeni: jina la mdai, anwani yake, kiasi, siku ya kulipa, na kama ana rehani. Andika pia wanaokudai bila karatasi, hata shemeji. Andika na wanaodaiwa nawe. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, ndiyo ushahidi kwamba hukuchelewa.

Linaloharibu mambo mara nyingi hufanyika kabla ya hapo. Mtu anahamishia gari kwa ndugu, au anamlipa rafiki deni ambalo siku yake bado. Jaji anaweza kurudisha tarehe ya kufilisika nyuma hadi miezi 18 kabla ya hukumu, na zawadi na malipo ya namna hiyo yakaanguka. Anayeficha mali au vitabu anaweza pia kuzuiwa kuendesha biashara, hadi miaka 10.

Hukumu ikitoka, mdai mmoja mmoja hawezi tena kuja kukamata bidhaa. Kila mmoja anampelekea madai yake sendiki, mtu aliyewekwa na mahakama kusimamia kesi. Ikiwa ni kuuza mali yote, sahihi ya biashara inahamia kwa sendiki, na madeni ya baadaye yanakuwa ya leo. Mwenye herufi A asidhani salio limefutwa mali ikiisha.

Mfanyakazi wa mshahara asiye na biashara hana mlango huu. Yeye apatane na kila mdai, kwa maandishi, awamu kwa awamu.